Mama kaambiwa hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo. Mnaojua Kigiriki cha Biblia, hilo neno maana yake nini hasa?

KaraniWaMizani

Wakuu, kwema? Naleta huku swali lililonishinda nyumbani.

Mama yangu ana sukari. Tangu mwezi wa sita ana kidonda kisiginoni, kinafunga kinafumuka. Jirani, kwa nia njema kabisa, akampeleka kwenye maombi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu mtumishi akamwambia mbele za watu kwamba Mungu keshamaliza sehemu yake, iliyobaki ni imani ya mama, na hiyo imani ni ndogo. Hakumkemea. Alisema kwa upole, na nadhani upole ndio uliomchoma. Karudi nyumbani haongei. Dawa anameza kwa kusukumwa, na rufaa ya hospitali aliyopewa kaikunja kaiweka chini ya godoro, anasema mpaka imani yake itimie.

Juzi usiku kaniuliza: "Mwanangu, kazi yako si kupima? Hiyo imani inapimwa kwa kilo? Yangu imepelea kilo ngapi?"

Kwa msionijua, mimi ni karani kwenye ghala la chama cha msingi huku Tandahimba. Msimu wa korosho nashinda kwenye mizani. Nikacheka. Nikamwangalia, yeye hacheki.

Zamani nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili kabla ada haijanishinda, na Kigiriki nilikigusa kidogo. Ninachokumbuka ni hiki. Neno tunalosoma "imani" ni pistis. Kitenzi chake ni pisteuo, kuamini. Ni ndugu wa peitho, kushawishi, kumfanya mtu aridhike na jambo. Kwa Aristotle wingi wake, pisteis, ni hoja anazotumia msemaji kuwaridhisha wasikilizaji. Kwa hiyo tangu mwanzo si neno la kufumba macho na kukaza misuli. Ni neno la mtu aliyepata sababu ya kumtegemea mwingine.

Ila hapo ndipo elimu yangu inapoishia, na mama anasubiri jibu. Karibuni.

---

Kauzu wa Shangani

Nipo siti ya mbele, mabibo mkononi. Mods msiuhamishe huu uzi.

---

Mkatekista Mstaafu

Karani, pole kwa mama. Mwambie mzee mwenzake wa huku Ndanda anamsalimu.

Kigiriki sijui, ila miaka thelathini na zaidi nimefundisha watoto komunyo ya kwanza, na kuna jambo nililigundua nikiwa nimeshazeeka. Sisi Wakatoliki kwenye Kanuni ya Imani hatusemi "naamini". Tunasema "Nasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi". Jirani zangu Waanglikana na Walutheri wanasema "Namwamini Mungu". Nilidhani ni ladha tu, huku mihogo na kule viazi. Sivyo. Kusadiki ni kukubali kwamba neno ni kweli. Kumwamini ni kujiweka mikononi mwa mtu. Tuna ile Sala ya Imani: nasadiki kwa sababu wewe "hudanganyiki wala hudanganyi". Angalia, sababu ya kusadiki haiko kwa anayesali. Iko kwa anayesaliwa.

Mtoto mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, shetani naye anasadiki?" Nikamjibu ndiyo, Yakobo kasema mashetani nao wanaamini na wanatetemeka. Akauliza tena, "Sasa sisi tumemzidi nini?" Nikawaambia darasa limekwisha, wakacheze.

---

Mwana Mikindani

Assalaam aleikum. Mimi Muislamu, mtanivumilia, lakini hili neno mmeliazima kwetu kwa hiyo nina haki ya kuja kulikagua, hahaha.

Imani ni Kiarabu, mzizi wake herufi tatu: alif, mim, nun. Humo ndimo mna amani, mna amana, mna mwaminifu, mna muumini. Maana ya chini kabisa ya mzizi ni usalama, kutokuwa na hofu. Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya utume watu wa Makka walimwita Al-Amin kwa sababu waliweka vitu vyao kwake wakavikuta. Na katika majina ya Mwenyezi Mungu mna Al-Mu'min, mwenye kutia amani. Kwa hiyo Mungu naye anaitwa kwa neno hilo hilo, si mja peke yake.

Halafu ipo aya katika Suratul Hujurat, mabedui walisema "tumeamini", wakaambiwa hamjaamini, semeni tumesilimu, imani bado haijaingia nyoyoni mwenu. Kwa hiyo na sisi kwetu kipo kipimo. Ila aliyekitumia ni Mwenyewe. Si jirani wala shehe.

Jingine, Karani. Kwa Kiswahili chetu cha pwani "imani" ni huruma vilevile. Mtu akimpiga mtoto tunasema huyu hana imani. Mwenye shida tunamwonea imani. Ukiniuliza mimi, siku ile pale kwenye maombi imani iliyopungua haikuwa ya mama yako.

---

Kauzu wa Shangani

Mwana Mikindani kafunga mjadala 😂 Tugawane viti.

---

KaraniWaMizani

Mkatekista, shikamoo. Mwana Mikindani, wa aleikum salaam. Mmenifanya niamke saa tisa usiku kutafuta daftari langu la chuo, limeliwa na mchwa nusu.

Mzizi huo huo uko kwenye Kiebrania. Aman, kuwa imara, emunah, uthabiti, amina tunayosema mwisho wa sala. Kitabu cha Kutoka sura ya 17, Musa anashikiliwa mikono na Haruni na Huri vita ikiendelea, na Biblia inasema mikono yake ilikuwa emunah mpaka jua likachwa. Mikono! Haikuwaza kitu wala haikukiri kitu. Ilisimama tu bila kutikisika, na ilisimama kwa sababu kulikuwa na watu wawili chini yake wanaishikilia.

Wayahudi walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, emunah wakaiweka pengine pistis, pengine aletheia, yaani kweli. Kwa hiyo Mkatekista, "nasadiki" yenu na "namwamini" ya jirani zako zote zimo kwenye neno moja la Kiebrania.

Halafu watafsiri wetu wa Kiswahili. Warumi 3:3 wameandika "uaminifu wa Mungu", ni pistis. Wagalatia 5:22, tunda la Roho, "uaminifu", ni pistis. Luka 16:11, "ni nani atakayewapa amana mali ya kweli?", kitenzi ni pisteuo kile kile. Na Yohana 2, watu wengi wakaamini jina lake walipoona ishara, "lakini Yesu hakujiaminisha kwao". Kigiriki kinatumia kitenzi kimoja pande zote mbili: wao walimwamini, yeye hakuwaamini. Aliyetunga "hakujiaminisha" alistahili gunia la korosho daraja la kwanza.

Yohana mwenyewe ni wa ajabu. Kitenzi kuamini kwenye Injili yake kimo mara 98. Nomino imani hamna hata mara moja. Kwake imani si kitu unachokuwa nacho mfukoni kiasi fulani. Ni jambo unalolifanya kwa mtu. Hapo nilifurahi, nikasema nimepata jibu la mama: haipimwi kwa sababu si mzigo.

---

Mchungaji Pwani

Ndugu Karani, bwana asifiwe. Naandika kutoka Lindi. Nimefuatilia kwa furaha, lakini niruhusu nikukwaze kidogo.

Ukisema pistis ni uaminifu, unajua umemfanyia nini mama yako? Umemshusha kwenye mizani ya yule mtumishi ukampandisha kwenye mizani nyingine. Jana alikuwa na hatia ya kutoamini vya kutosha, leo ana hatia ya kutokuwa mwaminifu vya kutosha. Kipi chepesi?

Sisi Walutheri tunalijua jeraha hili. Luther alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522, kwenye Warumi 3:28 aliongeza neno "peke yake": mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake. Kwenye Kigiriki halipo, na walimshambulia mpaka akaandika kujitetea kwamba Kijerumani kizuri kinalidai. Sitetei kila alichofanya. Lakini alikuwa mtu aliyejipima usiku na mchana akajikuta anapungua kila siku, na ahueni yake ilikuja alipoona kwamba imani ni mkono mtupu unaopokea. Mkono wa ombaomba hausifiwi kwa kuwa na nguvu.

---

Msomaji Masasi

Mchungaji una hoja, ila historia ya neno haikubali liwe mkono mtupu tu. Mfano ninaoupenda: Yosefo, mwanahistoria Myahudi, mwaka 66 au 67 alikuwa kamanda Galilaya. Akamnasa kiongozi wa majambazi aliyejaribu kumsaliti, jina lake, mtashangaa, Yesu. Yosefo anaandika kwamba alimwambia atamsamehe akitubu na kuwa pistos kwake. Hakumtaka akubali fundisho lolote. Alimtaka aache njama zake ajiunge upande wake. Sasa nenda Marko 1:15, "tubuni, na kuiamini Injili". Ni maneno yale yale, karne ile ile, mkoa ule ule.

Na jibu la Mchungaji liko kwenye Warumi 3:22. Biblia yetu inasema haki ya Mungu ni kwa njia ya "imani katika Yesu Kristo". Kigiriki hakina "katika". Kinasema pistis ya Yesu Kristo. Kwa sarufi inawezekana ni imani yetu kwake, na inawezekana ni uaminifu wake yeye. Kati ya wataalamu wa Agano Jipya, Richard Hays mwaka 1983 alitetea hiyo ya pili kwa nguvu, James Dunn akashikilia ya kwanza, na ubishi bado upo. Ukifuata ya pili, anayepandishwa kwenye mizani si mama wa Karani.

(Pembeni: Edward Steere, yule yule aliyewaleta Masasi watu waliookolewa utumwani mwaka 1876, alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Babu zetu huku walilipokea hili neno kutoka kwa watu wawili kwa pamoja, mmisionari wa Kiingereza na mfanyabiashara Muislamu wa pwani. Sidhani kama waliona shida.)

---

Mliwale

Samahani wazee, mimi si mtu wa kanisani sana. Natoka Liwale. Kwetu mwaka 1905 watu waliamini maji. Kinjikitile, yule mganga wa vita ya Majimaji, alisema risasi zitageuka maji, na watu wakaenda kifua wazi mbele ya bunduki za Wajerumani. Hakuna mhubiri atakayeniambia imani yao ilikuwa ndogo. Mimi leo sina imani kama ile kwa kitu chochote duniani.

Na wakafa.

Kwa hiyo ukubwa wa imani haufanyi kitu. Mtumishi anayesema ungeamini zaidi ungepona, akaelezee makaburi ya kwetu.

---

Mkatekista Mstaafu

Mliwale, umenigusa pabaya. Vita ile ile, Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa huko huko upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nao waliamini. Kifo hakikuuliza upande huu wala ule.

Nakubali sehemu ya hoja yako. Yesu aliposema imani kiasi cha punje ya haradali maana yake ni hiyo, kwamba swali la ukubwa halina maana. Tofauti iko kwa unayemtegemea. Ila sitakudanganya kwamba anayemtegemea Mungu hafi. Nimezika wengi.

---

KaraniWaMizani

Nimekaa na maneno ya Mchungaji siku mbili. Alinikwaza kweli. Jibu limenijia kazini, nikiandika stakabadhi.

Msio wa kusini: tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima analeta gunia, mimi napima, naandika kilo na daraja, anaondoka na karatasi. Pesa hana. Korosho zinakwenda ghala kuu, zinangoja mnada, makato yanapigwa, ndipo analipwa. Siku zote za katikati alichonacho ni karatasi.

Sasa Waebrania 11:1. "Imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Hiyo "kuwa na hakika" kwa Kigiriki ni hupostasis. Kwa herufi zake ni kitu kilichosimama chini, msingi. Neno hilo hilo sura ya 1 aya ya 3 limetafsiriwa "nafsi": Mwana ni chapa ya nafsi ya Mungu. Kumbe si hisia hata kidogo! Luther ndiye aliyeliweka kama matumaini thabiti ya moyoni, na tafsiri nyingi zikafuata njia hiyo. Lakini kwenye mafunjo yaliyochimbwa Misri, barua na mikataba ya watu wa kawaida, hupostasis linatokea kwenye mambo ya mali na hati za umiliki. Wako wataalamu waliosema kwa hiyo tusome: imani ni hati ya mambo yatarajiwayo. Wengine wanapinga, wanasema ni uhalisi wenyewe wa hayo mambo. Mimi karani nachukua hati.

Mchungaji, bibi anayeshika stakabadhi anaweza kuishika kwa nguvu au kwa mkono unaotetemeka. Anaweza kuiweka chini ya godoro akalia. Kilo zilizoandikwa hazibadiliki. Mizani ilishapima, ikapima korosho, haikupima mkono wake. Hapo mkono mtupu wako na uaminifu wa Msomaji vinakaa pamoja: wake ni kutoitupa karatasi, na uaminifu wenyewe unadaiwa kwa mwenye ghala. Paulo kamwandikia Timotheo hivyo hivyo: "namjua yeye niliyemwamini", na kwamba aweza kukilinda "kile nilichokiweka amana kwake". Akaandika hayo akiwa na minyororo.

Na wale wa kangomba, wanaouza korosho kabla hazijakomaa kwa bei ya kutupa, nawaona kama watu walioshindwa kungoja karatasi.

---

Bi Tunu

Karani hapo mwisho umeharibu.

Mimi nimeuza kangomba. Mwezi wa nane, mtoto anaingia kidato cha tano, shimo la chakula tupu. Nimeuza debe kwa nusu ya nusu ya bei. Sikushindwa kuamini ghala. Nilishindwa na njaa. Na wewe unasema hivyo kwa kuwa mshahara wako haungoji mnada.

Na hizo karatasi zenu tunazijua. Upo msimu nilikaa na yangu mpaka mikorosho ikachanua tena. Kila nikienda naambiwa mama vuta subira, majina yanahakikiwa. Nikawa nalala na karatasi. Huwezi kumwambia mama yako imani ni stakabadhi halafu ukaficha kwamba stakabadhi hucheleweshwa.

---

KaraniWaMizani

Bi Tunu, nimekosa. Ule mstari naufuta moyoni, hapa nauacha watu waone nilivyojibiwa.

La kuchelewa sina jibu. Ninachoweza kusema ni kwamba sura ile ile ya 11 haikulificha. Inawataja Abrahamu na wenzake, kisha inasema hawa wote walikufa katika imani wasijazipokea zile ahadi. Walikufa na karatasi mkononi, na mwandishi haendi mbele kusema basi imani yao ilipelea.

---

Bi Tunu

Hapo nimekuelewa. Salamu kwa mama.

---

Mtumishi Mwenye Moto

Mnapoteza muda. Kigiriki hakiponyi mtu. Yesu alisema imani yako imekuponya. Mwisho wa mjadala!

---

Msomaji Masasi

Alisema, ndiyo. Kwa yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili na kumaliza mali yake yote kwa waganga. Alimwambia baada ya kupona, wala si kama sababu ya kumnyima. Nitafutie mgonjwa mmoja aliyekuja kwa Yesu akarudishwa nyumbani akaambiwa imani yako haijatosha. "Enyi wa imani haba" aliwaambia wanafunzi wake, wazima wa afya, na hata hivyo bahari aliituliza. Na yule baba wa mtoto mwenye kifafa alisema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu". Kwa mizani yako huyo alileta nusu gunia, na mtoto wake akapona.

---

Kauzu wa Shangani

Nilikuja kucheka, sasa nimefungua Biblia ya bibi yangu. Karani tupe mrejesho wa mama.

---

KaraniWaMizani

Mrejesho.

Jana jioni nilikaa naye barazani. Nilijaribu kumwelezea pistis, akasinzia. Stakabadhi aliipenda, akaguna, akasema "na zenu mnavyochelewesha". Bi Tunu, mnajuana nini?

Mwisho nikamsomea Marko 2, yule mwenye kupooza aliyeshushwa na watu wanne kwa kutobolewa dari. "Naye Yesu, alipoiona imani yao..." Akanishika mkono. "Rudia." Nikarudia. "Yao nani?" Nikamwambia yao, wale waliombeba. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na mgonjwa mwenyewe, alisema nini?"

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Hakusema neno. Hadithi nzima mgonjwa hafungui mdomo, si kabla wala si baada ya kupona.

Mama akaingia ndani. Nikajua nimeharibu. Akatoka na ile rufaa, imekunjwa mara nne, akaniwekea magotini. "Haya," akasema, "nibebeni."

Alfajiri tunaondoka kwa gari la Newala, tutabadilisha Masasi kwenda Ndanda. Mimi, mdogo wangu, na jirani yule yule aliyempeleka kwenye maombi. Kalia sana, kasema lazima aje. Mama anahesabu vidole ananiambia tumepungua, tuko watatu tu.

---

Mkatekista Mstaafu

Mkishuka Ndanda stendi niandikie ujumbe. Nyumba yangu kutoka hospitali ni mwendo wa kumaliza rozari moja, na nina baiskeli yenye kiti kizuri nyuma. Mke wangu anaandaa chumba. Mwambie mama wa nne kapatikana, ila ana mgongo mbovu, asiwe mzito.